Pilau ya Nyumbani, Urojo wa Mtaani: Niliyojifunza Katika Kupika Idi Unguja

Anayepika chakula cha Idi Ndogo hapa Unguja huianza kazi yake bila kuijua siku. Ramadhani ina siku 29 au 30, na jibu halipatikani mpaka jua la siku ya 29 litue, mwezi utazamwe, na tangazo la Ofisi ya Mufti litoke redioni na kuenea katika simu za watu. Mara nyingine tangazo hutoka punde tu baada ya kufuturu. Mara nyingine Isha huingia watu wakiwa bado hawajui kama usiku huo ni wa tarawehe na daku au ni wa takbira. Nyama imekwisha kununuliwa, mchele upo, jamaa wa shamba wamekwisha kusema watakuja, na mwenye jiko yuko katikati ya siku mbili. Nimelelewa Ng'ambo, mitaa ya mjini iliyo nje ya Mji Mkongwe, katika nyumba yenye jiko la uani, na jambo la kwanza nililojifunza kwa bibi yangu kuhusu mapishi ya sikukuu ni namna ya kuipanga kazi ili mwezi ukiandama usimkute mtu hajajiandaa, na usipoandama kisiharibike kitu.

Nilipokuja kulishika jiko mwenyewe nilitambua la pili, ambalo bibi hakulisema kwa maneno lakini alilitenda kila mwaka: chakula cha sikukuu hakitoki chote katika jiko moja. Vipo vyakula ambavyo nyumba huvipika vizuri kuliko mkahawa wowote, na vipo ambavyo muuzaji wa mtaani, kwa moto wake na kwa mazoea ya mikono yake, hutushinda sisi sote tulio majumbani. Familia inayotaka kuvitengeneza vyote ndani humchosha mama wa nyumba mpaka Idi yenyewe anaimalizia jikoni, akisikia sauti za wageni barazani bila ya kukaa nao. Familia inayonunua kila kitu hupata shibe, lakini hukosa ile harufu ya viungo inayojaa uani tangu asubuhi, na kwangu mimi nyumba isiyo na harufu hiyo haijaingia Idi hata kama watoto wamevaa nguo mpya. Kwa hiyo nitaeleza yote mawili, yanayopikwa ndani na yanayofuatwa nje, kama tunavyoyagawa nyumbani kwangu.

Maandalizi huanza katika kumi la mwisho la Ramadhani. Naenda soko la Darajani mapema, kabla jua halijawa kali na kabla msongamano wa wanunuzi wa nguo na viatu haujaziba njia, kwa sababu siku zile za mwisho soko lile lililojengwa mwaka 1904 hufurika mpaka barabarani. Kwanza nanunua mchele. Kwa wali wa nazi wa kila siku naupenda mchele wa Mbeya, wenye harufu yake na utamu wake, lakini kwa pilau ya Idi natumia basmati, kwa kuwa hustahimili supu nzito na bado ukachambuka punje kwa punje. Katika safari hiyohiyo nanunua mchele wa zakatul-fitri, ambao ni pishi moja, takriban kilo 2.5, kwa kila mtu wa nyumba, mkubwa kwa mdogo, na unatakiwa uwafikie wanaostahiki kabla ya sala ya Idi. Hapa bibi alikuwa na msimamo ambao nimeurithi bila ya kuupunguza: mchele wa zaka uwe uleule tutakaoupika sisi, usiwe wa daraja la chini. Nyumba itakayoupokea nayo itateleka sufuria siku ileile, na watoto wake nao watataka kula kama wenzao.

Viungo nanunua vizima na kuvitwanga mwenyewe. Kwa kilo moja ya mchele na kilo moja ya nyama, kipimo changu ni vijiko viwili vya chakula vya uzile (bizari ya pilau), kijiko kimoja cha chai cha pilipili manga, hiliki kumi hivi, vijiti viwili vya mdalasini, na karafuu zisizozidi nane. Wageni wengi hudhani kwamba, kwa kuwa hii ni nchi ya karafuu, basi sisi huimimina katika kila sufuria. Anayeijua karafuu huitia kwa hesabu, kwa sababu ikizidi kidogo tu huvifunika viungo vingine vyote na kuacha ganzi ulimini. Nusu ya uzile naitwanga pamoja na pilipili manga, na nusu ya pili naiacha nzima ili mlaji aikute anapotafuna. Viungo vilivyosagwa dukani tangu miezi iliyopita hutoa rangi, lakini harufu yake imekwisha kupotea, na hakuna wingi wa kijiko utakaoirudisha.

Rangi ya pilau yetu hutoka katika kitunguu, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa maana ndipo pilau nyingi zinapoharibikia. Vitunguu maji sita vya wastani hukatwa vyembamba na kwa unene mmoja, maana kipande kinene na kipande chembamba haviwezi kuiva pamoja, na hutiwa katika mafuta mengi juu ya moto wa wastani. Mwanzoni vitunguu hutoa maji na mafuta huchemka kwa kelele nyingi. Kisha kelele hupungua, mvuke hukatika, na kingo za vipande huanza kugeuka rangi ya dhahabu. Kuanzia hapo mpishi haondoki, hapokei simu, wala hamwitikii mtu mlangoni. Safari ya kutoka dhahabu hadi hudhurungi ni fupi, na ya kutoka hudhurungi hadi weusi wenye uchungu ni fupi zaidi. Mimi huviopoa mapema kidogo, vikiwa na wekundu wa kahawia, kwa sababu mafuta yaliyomo ndani yake huendelea kuvipika vikiwa juu ya sahani. Vikipoa hukauka na kuvunjika mkononi, na hapo huviweka katika chupa yenye kifuniko. Kazi hii naimaliza siku mbili au tatu kabla, na haina uhusiano wowote na mwezi: Idi ikiwa Jumatano au Alhamisi, vitunguu vipo.

Nyama ndiyo inayotaka busara. Nachagua nyama ya ng'ombe yenye mfupa na mafuta kidogo, kwa kuwa pilau bila ya supu nzuri ni wali wenye viungo tu. Alasiri ya siku ya 29, mwezi haujatazamwa bado, naichemsha na thomu (kitunguu saumu), tangawizi na chumvi mpaka inakaribia kulainika, kisha naiacha humo humo ndani ya supu yake. Mwezi ukiandama, kazi kubwa ya kesho imekwisha. Usipoandama, vikombe viwili vya supu ile huwa daku yetu, na nyama iliyobaki huingia katika jokofu ikiwa imeiva, na iliyoiva huhifadhika kwa amani zaidi kuliko mbichi, hasa umeme unapokatika. Jioni inayofuata naichemsha upya, na hakuna aliyepoteza kitu. Wanawake wengine wa mtaani kwetu husubiri tangazo ndipo wawashe moto, na matokeo yake usiku wa Idi, ambao ni usiku wa takbira na wa kutia hina mikono ya mabinti, kwao huwa usiku wa kumenya thomu.

Asubuhi ya Idi tunaanza na tende, kwa kuwa ni sunna kula kitu kabla ya kwenda kusali Idi hii, kisha chai na tambi. Tambi si kazi ngumu: hukaangwa kwa samli mpaka ziwe na rangi ya dhahabu, zikatiwa maji ya moto, tui, sukari, hiliki na zabibu, na kuachwa zikaukie juu ya moto mdogo. Katika nyumba za wazee palikuwapo pia bokoboko, ngano iliyopikwa usiku kucha pamoja na nyama na kupondwapondwa mpaka vishikane, ikaliwa na samli na sukari. Siku hizi naiona katika nyumba chache, na nasikitika, kwa sababu chakula kile kinaunganisha vizazi. Mimi nina jirani anayeijua vizuri kuliko mimi. Kila mwaka hunitengenezea bakuli, na mimi humpelekea pilau, na kwa namna hii kila mmoja wetu anapika kile anachokiweza na wote wawili tunakula vyote.

Watu wakirudi kutoka msikitini, mchele uliokwisha kuoshwa mpaka maji yakatakata hurowekwa kwa nusu saa. Mafuta yaleyale yaliyokaanga vitunguu, yaliyobeba ladha yake, ndiyo ninayoyatumia. Natia viungo vizima kwanza, navisikia vikipasuka, natia thomu na tangawizi iliyotwangwa, kisha mbatata zilizokatwa nusunusu, kisha nyama, kisha viungo vilivyotwangwa na vitunguu vilivyovurugwa kwa mkono. Harufu ikibadilika kutoka ya ubichi wa thomu na kuwa harufu moja isiyogawanyika, namimina supu. Kipimo changu ni vikombe vitatu vya supu kwa vikombe viwili vya basmati iliyorowekwa. Kabla ya mchele kuingia naionja supu, na inatakiwa iwe na chumvi iliyozidi kidogo, kwa sababu mchele utaivuta sehemu yake. Mchele ukishatoswa hugeuzwa mara moja tu kwa mwiko mpana, taratibu, kutoka chini kwenda juu. Anayeukoroga kila mara huzivunja punje na wali wake hushikana.

Supu ikishuka mpaka usawa wa mchele, na vitundu vidogo vikaonekana juu, wakati wa kupalia umefika. Moto wa chini hupunguzwa mpaka ubaki wa kutunza joto tu, sufuria hufunikwa kwa mfuniko mzito, na makaa mekundu hupangwa juu ya mfuniko ule, ili joto lishuke kutoka juu na kuukausha mvuke badala ya kuurudisha chini kwa matone. Baada ya dakika 20 hadi 25 nafunua pembe moja. Punje za juu zikiwa zimesimama na zimetengana, na harufu ya chini ikiwa ya ukoko unaoanza kushika rangi na si ya kuungua, pilau imeiva. Kwa anayepikia gesi, ninachomshauri ni kuweka chuma cha kupikia chapati chini ya sufuria ili moto usiguse sehemu moja, na kuuzungushia mfuniko kitambaa safi cha pamba kinachonyonya mvuke, kikifungwa juu mbali na moto. Pilau itaiva vizuri, ingawa moshi mdogo wa mkaa unaoingia katika wali hautapatikana kwa njia hiyo, na sitaki kumdanganya mtu juu ya hilo.

Mkaa nao una habari yake. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kawaida kwa takriban siku 11, na kwa hiyo Idi hurudi nyuma mwaka hata mwaka. Tangu 2021 hadi 2025 imeangukia Mei, kisha Aprili, kisha mwisho wa Machi, yaani ndani ya masika au mlangoni mwake. Mkaa uliolala nje katika masika huchukua saa nzima kukolea na hurusha cheche, na mpishi anayehitaji makaa mekundu ya kupalia kwa wakati maalumu hawezi kuusubiri. Tangu wiki ya mwisho ya Ramadhani gunia letu hulala ndani, juu ya mbao, na hakuna anayeruhusiwa kulitoa nje.

Vya pembeni havihitaji maelezo marefu. Kachumbari ya vitunguu vilivyovunjwa ukali kwa chumvi na kuoshwa, tungule (nyanya), pilipili na ndimu, ndizi mbivu, pilipili ya kusaga, basi. Sioni haja ya kuongeza nyama ya kukaanga, samaki, mapapa na saladi za aina nne juu ya pilau iliyokwisha kubeba nyama yake. Meza iliyojaa hupendeza kuitazama kwa dakika chache, kisha nusu yake haiguswi, na Idi ni siku ambayo kutupa chakula kunaumiza zaidi kuliko siku nyingine, baada ya mwezi mzima wa kuhisi njaa kwa hiari na kukumbuka wanaoihisi bila ya hiari.

Kabla ya sisi kukaa, sahani hutoka. Hufunikwa kwa kawa na kupelekwa na watoto kwa majirani wa kushoto na kulia, kwa mzee anayekaa peke yake, na kwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Wasio Waislamu nao hupelekewa, na sahani zile hazirudi tupu; nyumba moja jirani yetu huturudishia sahani yetu wakati wa Krismasi ikiwa na pilau yao, nami naingoja kwa furaha ya kweli. Katika kukadiria, nahesabu kilo moja ya mchele kwa watu saba au wanane, kisha naongeza kilo moja kwa ajili ya sahani zinazotoka na kwa ajili ya mgeni ambaye hakutaja kwamba anakuja. Idi haina mwaliko. Anayepita barabarani akatoa salamu hukaribishwa ndani na akakaa kula, na mwenye nyumba anayelazimika kupunguza sahani za wengine ili ampatie huyo hupata fedheha ambayo kilo moja ya mchele ingeizuia.

Kwa miaka mingi jiko letu sasa halipiki usiku wa Idi Pili, na nafikiri huu ndio uamuzi uliotuletea raha kubwa kuliko mapishi yoyote. Hapa Zanzibar sikukuu huendelea kwa siku kadhaa. Watoto wana fedha za mkono wa Idi mifukoni na wanataka viwanja vya Mnazi Mmoja na Kariakoo, na watu wazima wameketi mchana kutwa na wageni na wanataka upepo. Kwa hiyo baada ya Magharibi tunatoka. Wapo wanaosema kwamba kula nje siku za Idi ni kuidharau nyumba. Siwaungi mkono. Mama aliyepika siku mbili mfululizo anastahili kukaa juu ya ukuta wa bahari mtu mwingine akimpikia, na fedha tunayoitoa huingia katika nyumba za wauzaji ambao mchana wote wa Ramadhani hawakuwa na biashara.

Wengi huenda Forodhani, nasi tumo. Bustani ile, iliyotengenezwa mwaka 1936 kwa kumbukumbu ya jubilei ya Sultani Khalifa bin Haroub na kukarabatiwa upya na Aga Khan Trust for Culture mpaka ikafunguliwa mwaka 2009, iko mbele ya Ngome Kongwe, na jua likizama meza hupangwa, moto huwashwa na kofia nyeupe za wapishi huonekana katika moshi. Mwenyeji haendi pale kama aendavyo mtalii. Huzunguka kwanza bila ya kununua, akitazama mambo mawili: meza ipi ina watu wanaokula wakiwa wamesimama, kwa sababu chakula cha pale hakipati nafasi ya kulala, na mpishi yupi anachoma mbele ya mteja. Pweza na kamba waliopangwa kwa mapambo wakiwa wamekwisha kuchomwa, wakisubiri kupashwa moto, nawapita. Namwomba muuzaji anichomee kilicho kibichi, nakinusa kabla hakijaingia motoni, na bei nakubaliana naye kabla ya kijiti kuwekwa juu ya makaa. Hayo husemwa kwa heshima, baada ya salamu na baada ya kupeana mkono wa Idi, na sijapata kuona muuzaji mwema aliyechukia.

Tunachonunua pale ni kile ambacho nyumba haikiwezi. Mishkaki huhitaji jiko refu lenye makaa makali yanayowaka kwa saa nyingi, ili nje ishike haraka na ndani ibaki na maji yake. Nyama yake imelazwa katika papai bichi, thomu na tangawizi, na papai lina kimeng'enya kinacholainisha nyama, ambacho kikiachwa muda mrefu huigeuza kuwa kama ugali. Muuzaji anayefanya hivyo kila siku anaijua dakika yake. Pizza ya Zanzibar ni kazi ya mikono: donge la unga hutandazwa juu ya meza yenye mafuta mpaka linapitisha mwanga, hutiwa nyama, kitunguu, pilipili hoho na yai, hukunjwa pande nne na kukaangwa juu ya chuma kipana. Nimejaribu kuwafundisha wanangu waitengeneze nyumbani na wamefaulu kiasi, lakini mtu anayetandaza donge mia kwa usiku mmoja ana wepesi ambao hatuwezi kuupata. Kisha juisi ya miwa, inayosindikwa mbele ya macho pamoja na ndimu na kipande cha tangawizi, na hunywewa papo hapo kwa sababu rangi na ladha yake hubadilika upesi.

Urojo, hata hivyo, siufuati Forodhani. Kila mtaa una mtu wake, mara nyingi mama mwenye meza ndogo mbele ya mlango, na watu wa mtaa humjua kwa mchuzi wake. Mchuzi ule wa unga na manjano, unaotiwa ukali kwa embe bichi na ndimu, unatakiwa uwe mzito kiasi cha kushika bajia lakini mwepesi kiasi cha kunyweka. Yule ninayemfuata mimi hulishika bakuli kwa mkono wa kushoto wakati wote, na wa kulia huenda bila ya kusita: mbatata zilizochemshwa na kukatwa, bajia mbili, kachori iliyovunjwa kwa kijiko, mishkaki iliyochomolewa kijitini kwa mvuto mmoja, yai, upawa wa mchuzi wa moto, chatne ya nazi, pilipili, na mwisho kabisa chipsi za muhogo zilizokunwa nyembamba ili zibaki zikivunjika mdomoni wakati kila kitu chini yake kimelowa. Ukihesabu, bakuli moja lina mapishi saba au manane yaliyofanyika kila moja peke yake. Nyumba yenye watu wanane ikitaka kuula urojo kwa haki itafanya kazi ya siku nzima kwa chakula cha robo saa, lakini yule mama huyapika yote kwa watu wa mtaa mzima, na ndiyo maana wake ni mzuri na wa bei ya mtu wa kawaida.

Jamaa zetu wanaorudi Idi kutoka Muscat, Dubai au London wamenithibitishia mgawanyo huu bila ya kujua. Pilau huko waliko wanaipika. Viungo vinapatikana, mchele upo, na binti mmoja wa ukoo wetu huipika nzuri sana katika nyumba ya ghorofa isiyo na mkaa. Wanachokiulizia usiku wa kwanza, kabla mabegi hayajafunguliwa, ni urojo. Hapana jiko la nyumbani, hapa au kwingineko, linaloweza kuleta mtaa wenyewe.

Kuhusu kuagiza chakula cha mchana wa Idi kutoka mkahawani, nina maoni yangu. Biriani sioni ubaya wowote kuiagiza. Biriani ni chakula cha shughuli: masala yake ya vitunguu, mtindi na tungule hupikwa peke yake, na wali wake wa samli na zafarani hupikwa peke yake, na wapishi waliozoea sufuria kubwa za harusi na maulidi huipata ladha ambayo sufuria ndogo huikosa. Mikahawa kama Lukmaan ya Mkunazini, karibu na ule mbuyu mkubwa, huweka pilau, biriani na pweza wa nazi kwenye meza moja, na mwenyeji na mgeni husimama katika foleni moja kuchagua kwa kidole. Kwa wafanyakazi kutoka bara na wanafunzi wasio na nyumba ya kurudi, mikahawa hiyo ni rehema. Lakini pilau ya mchana wa Idi Mosi naitaka itoke ndani ya nyumba, hata ikiwa kilo moja tu, na mwanafunzi au mfanyakazi yule namtaka aje aile kwetu. Tumewahi kukaa na vijana wa Mwanza na Kigoma ambao hatukuwajua kabla ya siku ile, na baadhi yao sasa huja wenyewe bila ya kuitwa, wakiwa na boga au mfuko wa sukari mkononi.

Kinachobaki nacho kinataka uangalifu. Wali ukiachwa katika joto la jikoni usiku kucha unaweza kumharisha mtu hata ukipashwa moto vizuri asubuhi, kwa hiyo pilau iliyosalia naitandaza kwenye sinia ipoe upesi, kisha naifunika na kuiweka katika jokofu kabla hatujatoka kwenda kutembea. Asubuhi ya Idi Tatu nairudisha katika sufuria na nusu kikombe cha supu, naifunika, naipalia tena kwa makaa machache, na tunaila kwa chai ya rangi yenye tangawizi. Wapo katika nyumba yangu wanaokipenda kiporo kile kuliko pilau ya siku yenyewe, kwa sababu viungo vimekwisha kukaa ndani ya punje, nami huwawekea kwa makusudi. Kikizidi mahitaji ya asubuhi hiyo moja, naandika katika daftari langu la jikoni mchele upunguzwe kwa kiasi gani mwaka unaofuata.